Ardhi Imeisha na Hakuna Mwizi

Hadithi za ardhi iliyopotea huwa zinatufikia zikiwa na mwizi tayari. Anaweza kuwa mkoloni, kampuni, chifu aliyeuza msitu usiku, au waziri mwenye kalamu nyepesi. Kufikia ukurasa wa tatu msomaji anajua amchukie nani, na akifunga kitabu hasira yake inajua pa kwenda. Tumezizoea hizi hadithi, na nyingi ni za kweli kabisa. Shida inaanza pale ardhi inapoisha, watu wanabaki mikono mitupu, unatafuta mwizi kila mahali na humpati.

Hiyo ndiyo hadithi ya Land's End, kitabu cha mwanaanthropolojia Tania Murray Li wa Chuo Kikuu cha Toronto, kilichotolewa na Duke University Press mwaka 2014. Kinahusu milima ya Walauje, katika mkoa wa Sulawesi ya Kati, Indonesia. Li alifika huko mara ya kwanza mwaka 1990 na akaendelea kurudi hadi 2009. Alipoanza, watu walikuwa na msitu na makonde ya kutosha. Alipomaliza, baadhi yao hawakuwa na hata mahali pa kupanda mahindi. Katikati ya miaka hiyo hakuna kampuni iliyokuja na matingatinga, hakuna askari aliyechoma nyumba, hakuna ua uliozungushwa na mgeni. Kilichokuja ni mti wa kakao, na walioupanda ni wenyeji wenyewe, kwa mikono yao na kwa hamu yao.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kitabu cha kuwalaumu maskini, kwamba "walijitakia wenyewe." La hasha. Ni kitabu kigumu kuliko hapo. Nadhani ni mojawapo ya vitabu ambavyo kizazi chetu cha mjini, kinachopenda kuongea kuhusu ardhi kwa sauti ya juu, kinahitaji kusoma polepole.

Tuanze na mahali penyewe. Sulawesi ni kile kisiwa ambacho kwenye ramani kinaonekana kama pweza aliyenyoosha mikono. Walauje wanaishi kwenye mkono wa kaskazini, upande wa Tinombo, juu ya Ghuba ya Tomini. Pwani kuna ukanda mwembamba wa tambarare wenye barabara, soko, msikiti, ofisi za serikali. Ukitoka hapo mlima unapanda ghafla, na miaka ile Li alipofika safari ya juu ilikuwa ya miguu tu, kwa njia zinazoteleza. Watu wa pwani walijiona wastaarabu na wakawaona wa milimani kuwa washamba. Hilo halihitaji tafsiri ndefu kwa yeyote aliyewahi kuchekwa kwa lafudhi yake. Lakini dharau hiyo ilikuwa na faida moja ya ajabu: ardhi ya juu ilionekana kuwa mbali mno na yenye mteremko mno, kiasi kwamba wakubwa hawakuitamani. Walauje wa juu walikuwa na ardhi yao kwa sababu hakuna aliyeitaka.

Sasa, waliimilikije? Hapa ndipo kitabu kinapoanza kutikisa mambo tuliyozoea kuyasema. Sisi tukisikia "kijiji cha mbali," "watu wa asili," akili inaruka moja kwa moja hadi kwenye picha ya mababu waliomiliki kila kitu kwa pamoja, hakuna changu wala chako, hadi soko lilipokuja kuharibu. Li anatuambia hapana. Kwa Walauje, jasho ndilo lililozaa mali. Aliyefyeka msitu mzito ambao haukuwahi kuguswa na mtu, huyo ndiye aliyekuwa mwenyewe, kwa sababu kazi ile ni ngumu na ya hatari, na wapo waliouawa na miti iliyowaangukia. Akifa, haki hiyo iliwaendea wazao wake wote kwa pamoja. Mahindi yalikuwa ya aliyeyapanda. Vitunguu vilikuwa vya aliyevipalilia. Mume na mke kila mmoja alihesabu jasho lake, na hata watoto waliweza kuwa na vipande vyao vya shamba na kusema hiki ni changu.

Kwa hiyo umiliki wa mtu binafsi haukuletwa na ubepari kwenye mkoba. Ulikuwepo. Tofauti ni kwamba ulikuwa umiliki wa kazi na mazao yake, huku ardhi ikibaki na mlango wazi. Shamba likishachoka liliachwa lipumzike, miti ikaota tena. Baada ya miaka, binamu au jirani asiye na mahali pa kulima msimu ule angeweza kuomba: naweza kulima pale alipofyeka babu yako? Naye angeruhusiwa. Haikuwa sadaka wala kodi. Ilikuwa ni kawaida, kwa sababu msitu ulikuwa bado upo, na kumnyima mtu nafasi ya kujilisha kungekuwa jambo la aibu.

Nasisitiza hili kwa sababu ndilo linalokiweka kitabu hiki juu ya vingi vinavyozungumzia kijiji. Li hawapambi watu wake. Walikuwa na njaa mwaka wa ukame. Walikuwa na wivu, na walihesabiana. Walikuwa wameuza tumbaku, na baadaye vitunguu vidogo vyekundu, kwa wafanyabiashara wa pwani kwa vizazi kadhaa, kwa hiyo soko halikuwa mgeni kwao. Ila kabla ya kakao, soko lilikuwa kama duka ambalo unaingia ukitaka nguo, chumvi au panga, kisha unatoka. Bei ya vitunguu ikianguka, unarudi kwenye mahindi yako na maisha yanaendelea. Mlango wa kutokea ulikuwepo. Hadithi ya Land's End, kwa ufupi, ni hadithi ya jinsi mlango huo ulivyofungwa bila mtu yeyote kusukuma kitasa.

Kuna neno moja ambalo lingestahili makala yake lenyewe. Li anaeleza kwamba Walauje hawakuwa na neno moja linalolingana na "ardhi" kama tunavyoitumia: kitu kimoja, cha jumla, kinachoweza kupimwa na kubadilishwa na kipande kingine chochote. Walikuwa na maneno ya msitu mzito, ya konde lililoachwa lipumzike, ya shamba linalolimwa sasa. Kila neno lilibeba kazi iliyofanywa pale na mtu aliyeifanya. Miaka ya tisini ilipoingia, na kakao nayo, wakaanza kutumia neno la Kiindonesia lenye asili ya Ulaya: lokasi. Lokasi ni kipande. Kina mipaka, kina mwenyewe mmoja, kinaweza kuuzwa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapo. Sisi tuna "ploti." Shamba lina historia, lina mvua na kaburi la nyanya, lina mwembe ambao kila mtu anajua ulipandwa na nani. Ploti ina hamsini kwa mia. Unaweza kuinunua kwa simu, hujawahi kuikanyaga, na ukaiuza kabla hujaiona. Neno likibadilika, tayari kuna kitu kimebadilika kwenye dunia, hata kama udongo ni ule ule.

Na mkondo huu wa maneno ni mrefu. Kiindonesia na Kiswahili vimekunywa kisima kimoja cha Kiarabu, kila kimoja upande wake wa Bahari ya Hindi. Wao wanasema milik, sisi milki. Wao hak, sisi haki. Wao rakyat, sisi raia. Wao adat, sisi ada. Sheria kuu ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 inaita umiliki kamili wa mtu "Hak Milik," na Mswahili yeyote anaweza kuyasoma hayo maneno mawili bila kamusi. Lakini kule milimani haikuwa Hak Milik iliyofanya kazi. Watu hawakungoja hati wala mpimaji. Walipanda miti, na miti ikawa hati.

Hebu tufuate jinsi mti ulivyofanya hivyo, kwa sababu ni hapa wengi wanaposoma haraka na kukosa jambo lenyewe.

Mahindi yanakaa shambani miezi michache. Yakivunwa, ardhi iko huru tena, inaweza kulimwa na mwingine au kuachwa ilale. Kakao huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu au minne, na ikitunzwa inaendelea kuzaa kwa miongo. Aliyepanda kakao kwenye konde la babu amelifunga konde hilo kwa muda wote huo. Hajamfukuza mtu. Hajasema "hii ni yangu peke yangu." Ila binamu aliyezoea kuja kuomba kulima mwakani atakuta miti, na kwa kanuni yao wenyewe, mti ni wa aliyeupanda, kwa sababu ni jasho lake. Kanuni ya zamani ya haki, ile nzuri ya kwamba mali inatokana na kazi, ndiyo iliyotumika kuwafungia wengine nje. Hakuna aliyevunja desturi. Waliifuata hadi mwisho wake.

Kilichofuata ni mbio. Ukiona ndugu yako anapanda, unajua konde la pamoja litaisha kabla hujaamka. Kwa hiyo na wewe unapanda. Wenye vijana wengi wenye nguvu, wenye akiba kidogo, wenye kujuana na wafanyabiashara wa pwani, walipanda zaidi. Wengine walichelewa kwa sababu walikuwa wagonjwa, au wajane, au walikuwa bado wanategemea mahindi na hawakuweza kukaa miaka mitatu wakingoja mti. Wengine waliuza vipande vyao mapema, kwa bei ya kutupa, wakiamini kwamba msitu wa kufyeka hauwezi kuisha. Uliisha.

Na usisahau kwamba kulikuwa na sababu nzuri za kupanda. Watu walitaka bati juu ya nyumba. Walitaka ada ya shule, dawa, nguo safi za kushukia sokoni bila kuchekwa na watu wa pwani. Rupia ya Indonesia ilipoporomoka katika mgogoro wa uchumi wa Asia mwaka 1997 na 1998, watu wa mijini walipoteza kazi kwa wingi. Lakini kakao bei yake huwekwa katika soko la dunia, kwa hiyo wakulima wa Sulawesi waliokuwa na miti iliyokomaa walijikuta wakishika rupia nyingi kuliko walivyowahi kushika. Ukiwa mlimani na unaona jirani yako akirudi kutoka sokoni hivyo, utafanya nini? Utapanda mahindi ili upongezwe na wasomi wa mbali kwa kuhifadhi utamaduni?

Kisha upande wa pili wa hesabu ukaja. Mti ukiwa umefunika shamba, chakula sasa kinanunuliwa. Ukinunua chakula, unahitaji pesa kila wiki, si kila msimu. Bei ikishuka, au mdudu anayetoboa matunda ya kakao akiingia, au mtoto akiugua, unakopa. Unayemkopa ana njia rahisi ya kulipwa: kipande cha shamba lako. Yule aliyeanza na miti mingi kidogo ananunua cha jirani, anapata miti zaidi, anaweza kukopesha zaidi. Wala si lazima awe na roho mbaya. Naye ana madeni yake kwa mfanyabiashara wa pwani. Naye asipopanuka, ataliwa. Hapa ndipo Li anapotumia neno ubepari, na analitumia kwa maana yenye makali: hali ambapo kushindana si hiari tena. Kabla ya hapo ungeweza kuuza na kununua maisha yako yote bila kuwa ndani yake. Sasa usiposhindana, unapoteza mahali unaposimama.

Kwa Kiswahili tungesema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo inakaribia, lakini bado inatafuta mdudu. Inadhani yupo mmoja anayeuma, na ukimpata na kumponda, mwasho utaisha. Katika milima ya Walauje, mdudu ni mpangilio mzima: mti, deni, bei, desturi ya jasho, na ndugu wawili wanaopendana kweli ambao hawawezi wote kuishi juu ya konde moja.

Sehemu inayoumiza zaidi, kwangu, ni ile ya wale waliobaki bila kitu. Hadithi tuliyofundishwa shuleni, ile ya maendeleo, ina jibu lao tayari: mtu akitoka shambani ataenda mjini, ataingia kiwandani, watoto wake watakuwa makarani, na wajukuu watakuwa kama sisi. Kukosa ardhi ni uchungu wa muda tu, njiani kuelekea kwingine. Li anauliza: kwingine wapi? Kakao ikishakomaa haihitaji mikono mingi. Mwenye miti anaweza kuihudumia na familia yake. Kwa hiyo aliyepoteza ardhi hapati hata kibarua cha kutosha kwenye shamba lililokuwa lake. Pwani imejaa watu wanaotafuta kazi. Kiwanda hakipo. Ndiyo maana jina la kitabu lina maana mbili: ardhi imeisha, na mtu amefika mwisho wa njia. Marxist wa zamani angesema mkulima amegeuzwa kuwa mfanyakazi. Li anaonyesha watu waliogeuzwa kuwa wafanyakazi ambao hakuna anayewahitaji.

Msomaji wa miaka ishirini na kitu, mwenye digrii na simu yenye barua pepe hamsini za maombi ya kazi, anaweza kuisoma sura hiyo bila kujiona yuko Indonesia. Lakini sitaki kuinyang'anya hadithi kutoka kwa wenyewe. Kuna tofauti kubwa kati ya kukosa kazi ukiwa na rafu ya vitabu na kukosa mahindi.

Kama kazi ya uandishi, kitabu kinasimama wapi? Nguvu yake kubwa ni muda. Riwaya nyingi za kijijini zinakipa kijiji msimu mmoja, harusi moja, mazishi mawili. Li ana miaka karibu ishirini, na anaitumia kama mwandishi wa riwaya anavyotamani kuitumia. Watu tunaokutana nao wakiwa vijana wenye matumaini, wakihesabu miche yao, tunawakuta tena baada ya kurasa kadhaa wakiwa na magoti mabovu na madeni. Hakuna anayetangaza kwamba jambo kubwa limetokea, kwa sababu kwao halikutokea siku moja. Mabadiliko yanakuja katika sentensi ndogo: ndugu anaanza kumlipa ndugu yake kwa kazi ambayo zamani ingelipwa kwa kazi. Mtu anaombwa konde na, kwa mara ya kwanza, anatafuta maneno ya kukataa.

Pia nampenda kwa kutowapa wahusika wake hekima ya bandia. Mzee wa kijijini katika vitabu vyetu vingi huwa anaongea methali tu, kana kwamba kazi yake maishani ni kutupa sisi nukuu. Wazee wa Li wanapiga hesabu, wanakosea hesabu, wanajilaumu, wanawalaumu wengine, wanataka barabara. Ndiyo, wanataka barabara. Wanataka kile ambacho wanaharakati wengi wangependa wasikitake.

Sasa nina malalamiko. La kwanza ni la lugha. Utangulizi na mwisho wa kitabu vimejaa mjadala na Marx, Gramsci na wenzao, na kuna kurasa ambapo mlima wenyewe unapotea kwenye ukungu wa nadharia. Anayesoma kwa ajili ya watu atalazimika kuvumilia. Hapa nawaonea wivu wasomaji wa Indonesia, maana tafsiri yao, iliyotolewa na shirika la Marjin Kiri, imekipa kitabu jina bora zaidi: Kisah dari Kebun Terakhir. Kisah ni kisa. Terakhir imetoka kwenye akhir, ile ile iliyotupa sisi akhera. Kisa kutoka shamba la mwisho. Jina hilo linakumbuka kwamba hiki, kabla ya kuwa hoja, ni kisa.

La pili ni zito zaidi. Li ameukaribia mlima kiasi kwamba soko la dunia linabaki nyuma ya pazia. Bei inapanda, bei inashuka, kama mvua. Lakini bei si mvua. Katika miaka hiyo Indonesia ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa kakao duniani, pamoja na Côte d'Ivoire na Ghana, na sehemu kubwa ya kakao yake ilitoka Sulawesi. Kuna watu wanaokaa London na New York ambao kazi yao ni kununua na kuuza kakao ambayo haijavunwa. Kuna viwanda vya chokoleti. Ukisema hakuna mwizi, ni kweli ukiwa umesimama juu ya mlima. Ukishuka hadi bandarini na kufuata gunia, kuna watu walionenepa. Nadhani Li angejibu kwamba hata bei ingekuwa nzuri, ndugu wawili bado wangegombania konde moja, na aliyewahi angembana aliyechelewa. Angekuwa sawa. Bei nzuri ndiyo iliyoanzisha mbio. Hata hivyo ningependa gunia lipewe angalau sura moja, ili msomaji asitoke akidhani kwamba ubepari ni ugomvi wa kifamilia.

Malalamiko haya yamepata jibu la aina fulani kutoka kwake mwenyewe. Mwaka 2021 Li na mwanaanthropolojia wa Indonesia, Pujo Semedi, walitoa Plantation Life, kuhusu mashamba makubwa ya michikichi huko Kalimantan Magharibi. Kule mwizi yupo, ana ofisi, geti na mlinzi. Kampuni inapewa ardhi na serikali, inazingira vijiji, na maisha yote yanapinda kuifuata. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja unaona kwamba Li hakatai kwamba wizi upo. Anakataa tu kuutumia wizi kueleza mahali ambapo haukutokea. Na unaona pia njia mbili tofauti zinazofika kwenye shimo moja: mtu asiye na ardhi, katikati ya zao linalouzwa dunia nzima.

Hapa ndipo swali la siasa linapochoma, na ndipo kitabu kinapokuwa cha thamani zaidi kwa watu wanaopigania ardhi popote walipo. Indonesia ina harakati imara ya watu wa asili. Muungano wao, AMAN, ulianzishwa mwaka 1999, baada ya Suharto kuanguka. Mwezi Mei 2013 walipata ushindi mkubwa: Mahakama ya Katiba iliamua kwamba misitu ya jamii za adat isihesabiwe tena kuwa misitu ya serikali. Kwa jamii inayokabiliwa na kampuni ya mbao au ya michikichi, uamuzi kama huo ni ngao. Lakini ngao inatazama nje. Inalinda jamii dhidi ya anayetoka nje ya jamii. Haina la kusema mtu anapopoteza konde kwa shemeji yake. Na zaidi, inaitaka jamii ijitokeze kama kitu kimoja, chenye desturi ya pamoja na ardhi ya pamoja, kumbe Walauje wa milimani hawakuwahi kujiona hivyo. Walikuwa na jasho la mtu mmoja mmoja na mlango ulioachwa wazi. Ukienda kwao ukiwaambia "rudini kwenye umiliki wenu wa pamoja," watakuangalia tu.

Serikali nayo, na miradi ya maendeleo, ilikuwa na jibu lake: mbegu bora, mafunzo, mikopo. Jibu hilo linamfaa mwenye shamba. Asiye na shamba anasimama nje ya mkutano. Sura ya tano ya kitabu inauliza kwa nini waliobaki bila kitu hawakuinuka, na majibu yake yanasikitisha kwa jinsi yalivyo ya kawaida. Utamgomea nani, wakati tajiri wa kijiji ni mjomba aliyekuja na mchele kwenye msiba? Utaandamana wapi? Damu nzito kuliko maji, ndiyo, na wakati mwingine uzito huo ndio unaokuzamisha kimya kimya.

Li hatoi dawa, na wapo watakaokasirika kwa hilo. Mimi naona uaminifu. Angeweza kumalizia na mradi fulani wa matumaini, ushirika wa wanawake, picha ya watoto wanaocheka. Badala yake anatuachia watu walewale pale walipo, na swali lao. Kama ardhi ilichukuliwa kwa hila, dai ni rahisi kusema: rudisheni. Kama iliisha kwa njia ambayo kila hatua yake ilikuwa halali, ya busara, hata ya upendo kwa watoto, dai linakuwa gumu: aliyefaulu anadaiwa nini na aliyeshindwa, wakati hakumwibia? Desturi ya zamani ilikuwa na jibu. Anadaiwa nafasi ya kulima. Nafasi ikiisha, jibu hilo linaisha nalo, na mpaka sasa sijaona sheria, chama wala harakati iliyoweka lingine mahali pake.

Kitabu kina sura tano na hitimisho. Kama huna muda wa zote, ruka utangulizi, anza na sura ya pili, kuhusu kazi na kutunzana, kisha usome ya tatu, kuhusu jinsi ardhi ilivyofungwa. Hizo mbili zikikushika, ya nne na ya tano utazitafuta mwenyewe. Na utakapokutana na lile neno lokasi, simama kidogo. Hapo ndipo kila kitu kilipotokea, na hata waliolitamka hawakusikia mlango ukifungwa.